Nilikudanganya Maana ya Wimbo Ule

Mjomba wangu Guyo,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikukosea mbele ya watu. Ningeweza kuja Merti, nikakaa kando ya kaburi lako na kunong'ona peke yangu, kisha nikajipangusa vumbi na kurudi Isiolo nikijiona nimetua mzigo. Lakini aibu niliyokuvika haikunong'onwa. Ilichezwa kwenye simu za watu sokoni, kwa vinyozi, kwenye vibanda vya miraa, hata kwenye harusi za watu wasiojua kijiji chetu cha Gotu kiko upande gani. Basi na haya wayasikie wao pia, wale waliocheka.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa kaka mkubwa wa Mama. Kwetu Waborana mjomba anaitwa abuya, na mtoto hata akifukuzwa na dunia nzima bado ana mlango mmoja wa kubisha, mlango wa abuya wake. Wangu ulikuwa wewe. Baba alipokwenda Nairobi kutafuta kazi asirudi, ulikuja kutuchukua mimi na Mama ukatuleta Gotu, ukatujengea nyumba karibu na yako, ukanilea pamoja na binti yako Darmi. Maziwa yakigawanywa asubuhi, vikombe vyetu viwili vilijazwa sawa. Darmi alikuwa akipima kwa jicho, nami nikipima, na hakuna siku tuliyopata la kulalamikia.

Ulikuwa na ngamia, na ng'ombe wachache, na sauti. Wakati wa kiangazi wanaume wa Gotu huchimba visima katika mchanga wa laga, ule mto unaopitisha maji wakati wa mvua tu. Visima vyenyewe ni virefu, mtu mmoja hawezi kuteka. Wanaume husimama ngazi kwa ngazi ukutani, mmoja juu ya mwenzake, ndoo zikapanda mkono kwa mkono mpaka kwenye birika la udongo ambalo mifugo hunywea. Kazi hiyo haiwezekani bila wimbo. Wimbo ndio unaoiambia mikono ipokee lini na iachie lini. Na mwenye kuanzisha ulikuwa wewe, chini kabisa, miguu ndani ya maji, wengine wakikuitikia kutoka juu.

Nyimbo za kisimani ni za zamani, za kusifu ng'ombe na koo na waliochimba. Wewe ulizijua zote. Lakini ulikuwa na kile Mama alichokiita ugonjwa wa redio. Ile redio yako ya betri, iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili isifumuke, haikukuacha hata malishoni. Ulisikiliza rumba, taarab, nyimbo za kanisani, rege, na hizi za vijana. Wimbo ukikuingia ulikaa nao siku mbili tatu bila kusema. Kisha ulituambia, "Huyu amebeba mizigo mingi. Hebu tumpunguzie." Ukaondoa magitaa, ukaondoa vinanda, ukaondoa yale mayowe ya mwanzoni, ukabaki na mstari mmoja au miwili. Huo mstari ukaupimia ndoo. Ukikubali mwendo wa ndoo, tayari umekuwa wimbo wa kisima. Ukikataa unauacha bila chuki. "Wimbo usioweza kupandisha maji ni kelele tu," ulikuwa ukisema.

Unakumbuka ile rumba ya mwanamume anayelia kwamba mpenzi wake ameondoka bila kuaga? Redioni ilikuwa laini, ya kusinzia nayo. Kisimani uliifanya kazi ya jasho. "Umeniacha!" ukaita kutoka chini. "Hoo!" wakajibu, na ndoo ikapanda. "Umeniacha!" "Hoo!" Mzee Jattani, aliyekuwa juu kabisa akimimina, alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Guyo," akakuitia shimoni, "huyo mwanamke akirudi atakuta tumemaliza maji yote!"

"Mwache arudi na ndoo yake!" ukamjibu.

Taarab ulizitenga kwa ajili ya punda. Ulisema punda ni watu wa pwani, wana maringo, hawanywi mpaka wabembelezwe. Rege ulimpa ngamia, kwa sababu ngamia hatembei kwa haraka ya mtu. Na ule wimbo wa injili aliokuwa akiupenda Mama Nakiru, jirani yetu Mturkana aliyekuwa akiuza chai barabarani! Mbuzi wake walikuwa wagumu, hawakaribii birika. Ukauchukua wimbo wake wa Jumapili ukauimba kwa mwendo wa kisima, na mbuzi wakaja mbio wakasukumana. Mama Nakiru alishika kiuno.

"Guyo, siku moja wewe utaokoka," akasema.

"Mimi bado. Lakini mbuzi wako wameokoka leo."

Alisimulia hilo kila mahali. Watu wa kanisa lake walicheka, na watu wa msikiti wetu walicheka, na hakuna aliyekuona umekosea. Nataka hilo lijulikane, kwamba ulichukua nyimbo za watu wote na hukumdhihaki hata mmoja.

Katika hayo yote mimi nilikuwa na kazi yangu. Kiswahili chako kilikuwa cha mnada, cha kutaja ng'ombe na kukataa bei. Maneno ya nyimbo yalikupita. Kwa hiyo ulinipa redio niipakate, na wimbo ukianza uliniuliza, "Talaso, anasema nini huyu?" Nami nilikueleza kwa Kiborana, mstari kwa mstari. Nilianza nikiwa darasa la tatu. Darmi hakuwa na subira ya kukaa. Mimi nilikaa.

Ulikuwa na sharti moja ambalo hukulivunja. Hukuimba neno usilolijua. Kisimani, ulinifundisha, hakusemwi neno baya, hakugombanwi, hata mwenye deni la damu huacha ugomvi wake mbali na maji. "Mifugo inakunywa maji pamoja na maneno yetu," ulisema. Siku moja nilikwama kwenye neno gumu la taarab nikakwambia sijui. Hukunikaripia. Uliuweka ule wimbo pembeni hadi ulipokutana na mwalimu wangu njiani, ukamuuliza, ukaelezwa ni jina la ua. Ndipo ukawaimbia punda. Mzee mzima ulisubiri majuma kadhaa kwa sababu ya jina la ua.

Mimi nilijua haya yote, ndiyo maana sina pa kujificha.

Nilipomaliza shule nilipata kazi Isiolo mjini, katika duka la simu na kupiga picha za pasipoti. Hapo ndipo nilipoanza kuweka picha na video mtandaoni. Niliweka ngamia wetu, wanawake wakisuka mikeka ya nyumba, mvua ikija upande wa Gotu. Watu wachache walipita wakaacha alama ya kupenda, basi. Nilikuwa nikifungua simu asubuhi kabla ya kunawa uso, kuangalia kama usiku umeniletea mtu. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka huo kukatoka wimbo wa klabu. Sitautaja jina. Kijana anaimba, "Nitekee, nitekee, kisima chako kirefu, kamba yangu ndefu zaidi." Mji mzima uliucheza. Kila kijana alijua ni kisima gani kinachosemwa na ni kamba gani, ndiyo maana waliupenda. Mama zao wakitokea waliuzima.

Nilikuja Gotu wakati wa Idd. Sijavua hata viatu, ukanikamata mkono.

"Talaso! Kuna wimbo wa kisima kwenye redio!"

"Upi huo, Abuya?"

Ukauimba. Ulikuwa umeusikia kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka mizigo Merti, na dereva aliposimama kunywa chai ulisimama dirishani ukaumaliza wote. Macho yako yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyepata habari za ndugu aliyepotea.

"Huyu kijana ni wa wapi? Ni Mborana? Mgabra? Maana huyu amewahi kuteka maji, si bure. Hata Nairobi siku hizi wanajua kisima!"

"Sijui ni wa wapi."

"Na anasema nini? Nieleze vizuri, katikati anakimbia sana."

Hapo, Mjomba. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu uondoke, na kila mara nafika hapo nasimama. Ningesema tu, "Abuya, huu si wimbo wa kisimani." Hata nisingehitaji kukueleza zaidi, maana ungeniona nikiona haya ungeelewa, ungecheka kidogo, ungeuacha kama ulivyoacha nyingine. Lakini nilikuwa tayari nimeiona video kichwani. Nilikuona umesimama kwenye maji, nikawaona watu wakiisambaza, wakiisambaza.

"Anasema ana kiu," nikakwambia. "Amefika kisimani, kisima ni kirefu, anaomba atekewe maji. Ni hivyo tu."

"Hakuna neno baya?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," ukasema, ukaenda kuwaambia wenzako kwamba kesho kuna wimbo mpya.

Asubuhi yake nilisimama ukingoni na simu. Vijana wawili katika mstari walikuwa wanaujua ule wimbo. Ulipoanza, mmoja alinitazama kwa mshtuko, na mimi nikaweka kidole mdomoni. Akauma mdomo, akapokea ndoo.

Nami sitasema uongo mwingine sasa kwa kusema wimbo ulikuwa wa kuchekesha. Ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kukusikia ukiimba. Yule kijana wa klabu anauimba kwa haraka, anakonyeza. Wewe uliupunguza mwendo hadi ukawa mzito kama ndoo yenyewe. "Nitekee," ukaita, na kabla ya kuita tena ukaacha nafasi, na katika nafasi ile tulisikia maji yakidondoka. "Kisima chako kirefu," na ilikuwa kweli, ulikuwa ndani yake. Kwa mara ya kwanza maneno yale yalikuwa na kiu. Ng'ombe waliokuwa wakisukumana walitulia. Mzee Jattani hakufanya mzaha wowote. Nami sikuacha kurekodi.

Ningeiweka hivyo ilivyo, labda watu wangesikia nilichosikia mimi. Lakini nilijua uzuri hautembei haraka kama kicheko. Nikiwa kwenye gari nikirudi mjini, tulipofika Ngaremara na mtandao ukashika, niliandika juu yake, "Mzee wa Gotu naye anatafuta kisima," nikaongeza nyuso za kucheka. Kabla hatujafika Isiolo simu yangu ilikuwa imepata moto mkononi.

Nilifurahi. Ni lazima niliandike hilo. Nilifurahi kwa majuma mawili. Watu walikuja dukani wakasema, "Wewe ndiye uliyempata yule mzee?" nikajibu, "Ni mjomba wangu, mimi ndiye niliyemrekodi." Nilisema "mjomba wangu" kwa majivuno, kama mtu anayetaja kitu alichonunua.

Yaliyotokea Gotu nilisimuliwa na Mama. Wakati huo Darmi alikuwa amechumbiwa. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wameshaleta kahawa na sukari mara moja, mkasubiri waje kutaja siku. Walikuja wanne, lakini hawakuja na kahawa. Walikaa, wakasalimia, wakauliza habari za mvua. Kisha baba wa kijana akatoa simu akaiweka mbele yako.

"Huyu ni wewe, Guyo?"

"Ni mimi," ukasema. Mama anasema ulitabasamu.

"Unajua unasema nini hapo?"

"Nasema nina kiu."

Wakatazamana. Mmoja wao, mpole kuliko wenzake, akakueleza. Alikueleza kwa Kiborana, taratibu, mbele ya mke wako na mbele ya Mama. Hukubisha. Ulisikiliza hadi mwisho, kisha ukaomba maji kwenye birika la udhu, ukatoka nje, ukasukutua mdomo. Ukasukutua tena. Wale wazee walikunywa chai yao, na walipoondoka walisema watarudi mvua ikinyesha.

Baada ya hapo watoto wa barabarani walijua jina lako jipya. Ulipopita Ngaremara na mifugo walikuita, "Mzee wa kisima!" Ulikuwa ukipita bila kugeuza kichwa.

Siku tatu baada ya wale wazee, ulikuja Isiolo. Nilikuwa nampiga mteja picha. Nilikuona mlangoni kupitia kamera kwanza, na kikoi chako kile cha kwenda msikitini na fimbo, ukisubiri nimalize. Ulisema salaam aleikum kwa kila aliyekuwa dukani. Mteja alipotoka ulikaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, mgongo kwenye kitambaa cheupe, ukaniangalia.

"Talaso. Ule wimbo. Ulijua?"

"Nilijua nini, Abuya?"

"Maana yake."

"Sikujua," nikasema. Na kwa sababu uliendelea kuniangalia, nikaongeza, "Wallahi, sikujua."

Niliapa, Mjomba. Hukuniomba niape.

Uliinamisha kichwa ukasugua goti lako kwa kiganja. "Basi," ukasema. "Wewe ni mtoto. Mimi ndiye mzee, mimi ndiye nilipaswa kuuliza watu wengine." Nilikuletea chai, ukainywa yote, ukashukuru. Niliifuta ile video mbele yako, ukashukuru na kwa hilo, kana kwamba hukujua kuwa kwangu imefutwa lakini iko kwa kila mtu. Uliporudi Gotu familia ilikaa. Kaka zako walitaka niitwe niadhibiwe. Wewe ukasema, "Mwacheni Talaso. Mdomo uliofunguka ni wangu." Yakaishia hapo.

Na kuimba kukaishia hapo.

Nilidhani utanyamaza mwezi mmoja. Kiangazi kilichofuata ulishuka kisimani kama kawaida, ukajaza ndoo kama kawaida, kimya. Mzee Jattani alikuomba uimbe zile za zamani tu, za babu zenu, zisizo na shaka. Ukamwambia, "Sijui tena lipi ni safi." Wengine wakajaribu kuanzisha, sauti zikakosana. Vijana wakaleta spika ndogo wakaiweka ukingoni icheze muziki. Ilikuwa ikienda haraka kuliko mikono, na maji mengi yakarudi shimoni. Mwishowe walikuwa wakihesabu tu: moja, mbili, moja, mbili. Nilikuwepo siku moja nikasikia. Niliondoka kabla mifugo haijashiba.

Mvua ilinyesha, wale wazee wakarudi kweli, na Darmi akaolewa. Namshukuru Mungu kwamba ndoa haikumharibikia. Lakini siku ya harusi, kila mtu alisubiri baba wa bibi harusi aimbe, kama ulivyoimba kwenye harusi za watoto wa wengine wote. Ulitoa baraka kwa maneno, ukakaa. Wanawake walipiga vigelegele upesi ili kimya kile kisionekane. Baadaye ulinikuta nikigawa vikombe. Uliweka mkono kichwani mwangu.

"Kazi inaendelea?"

"Inaendelea, Abuya."

Tulikuwa peke yetu, wewe na mimi na sinia la vikombe. Nafasi gani nyingine nilikuwa nasubiri? Nilisema "inaendelea" nikapita.

Muda mfupi baadaye ulihamisha ngamia juu, upande wa Merti. Ulisema ni kwa ajili ya malisho. Hukuwa na simu na hukuitaka. Mama alikuwa akija kukuona kila alipopata lori, kisha anashuka mjini kwangu na maziwa uliyonitumia. Nami niliyanywa.

Habari ya kifo chako ilinifikia asubuhi nikiwa dukani. Nilifunga duka, nikapata gari la Merti, na kwenye mchanga tukazama, tukachimba, tukazama tena. Nilifika alasiri. Kwa Waislamu maiti haisubiri. Walikuwa wameshakuzika, na wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini wakikung'uta mikono. Darmi alinikumbatia na kulia begani mwangu. Niliyapokea machozi yake kama mtu asiye na hatia.

Labda ningeendelea kunyamaza hadi leo. Lakini miezi michache iliyopita mtu alinipigia kutoka Nairobi, mtengeneza muziki. Alikuwa ameichukua sauti yako kutoka kwenye ile video, akaiwekea ngoma na besi, akanitumia nisikie. Alisema hajawahi kusikia wimbo wa klabu ukiimbwa kwa namna ile, kwamba unamtoa mtu machozi, kwamba anataka autoe rasmi. Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Alikuwa amepata kile nilichosikia ukingoni asubuhi ile. Mgeni kabisa, ambaye hajawahi kuteka maji, alikuwa amekuheshimu kuliko mimi.

"Wewe ndiye wa familia?" akauliza. "Wewe ndiye wa kuniruhusu?"

Nilimwambia hapana. Nikamwambia kuna binti yako, amwombe yeye ruhusa, na kabla ya hapo kuna jambo ambalo huyo binti hajui.

Nilimpigia Darmi siku hiyohiyo. Nilimweleza yote, kuanzia "anasema ana kiu" hadi wallahi. Nilisikia mtoto wake akicheza na sufuria nyuma yake. 

"Haya maneno si yangu, Talaso," akasema. "Ni ya mtu ambaye hayupo. Mimi unanipa ya nini?" Akakata. Hatujazungumza tena, na ule wimbo haujatolewa, na mimi simsukumi.

Kisha nikaenda Gotu kwa Mama. Alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa, moshi umejaa, na hakuacha kazi nilipokuwa nikisema. Nilidhani atanipiga au atalia. Alipomaliza kibuyu alikifunika, akakiweka kando, akapangusa macho, na sijui kama ni moshi.

"Mjomba wako alikuwa na tabia moja kule Merti," akasema. "Kila nilipofika, kabla sijashuka kwenye lori, aliniuliza, 'Talaso amesema nini?' Kila safari. Mimi nilidhani anauliza habari zako tu."

"Ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilimwambia, 'Talaso anakusalimu sana.'"

Salamu hizo sikuzituma, Mjomba. Niliogopa hata kukutumia salamu. Mama alizitunga mwenyewe kwa kuona haya, alipokuona umesimama kwenye jua unasubiri.

Nikamuuliza ulizipokeaje.

"Alishukuru," akasema Mama. "Kisha alikuwa akisema, 'Haya. Labda safari ijayo.' Akanishushia mizigo."

Mungu akulaze pema, Abuya. Nimesema sasa, na watu wamesikia, na wewe hupo tena wa kuniuliza.

Mimi, mtoto wa dada yako,
Talaso